Mbomoaji wa Kizota aliyeukataa mwaka wa uongo

NI saa moja na robo asubuhi Kizota, na Edina Ndahani amekwisha kugombana na mteja wa kwanza.

Mteja ni bwana mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Ameshuka kwenye gari huku akilinyooshea kidole rundo la matofali mekundu lililofunikwa turubai pembeni mwa uwanja. Anajenga banda la kupumzikia nyuma ya nyumba yake, na siku hizi matofali ya zamani ndiyo fasheni Dodoma.

"Mama, yale pale bei gani?"

"Hayauzwi."

"Kila kitu kina bei, mama yangu."

"Hicho hakina. Ukitaka matofali, yapo yale ya upande wa ukuta. Hayo ya chini ya turubai ukiyagusa tutakosana mimi na wewe asubuhi hii."

Bwana anacheka, akidhani anapandishiwa bei. Anainua pembe ya turubai achungulie. Edina anaacha mlango aliokuwa akiung'oa bawaba, anavuka uwanja, anamnyang'anya ile pembe mkononi na kuirudisha mahali pake. Mteja anarudi garini akinung'unika kwamba wafanyabiashara wa mji huu hawajui biashara.

"Wananiita mkali," anasema Edina akipangusa vumbi usoni kwa ncha ya khanga. "Mimi si mkali. Nimekasirika. Ni vitu viwili tofauti."

Ana umri wa miaka 51, na kazi yake ni kubomoa nyumba. Mkandarasi au mwenye nyumba akimwita, huenda na wenzake watatu, mitaimbo, sululu na kamba, na kwa siku tatu au nne nyumba huwa imelala chini. Nyumba ya vyumba vitatu hulipa kati ya shilingi laki mbili na nusu na laki nne, wanagawana wanne. Kinachomlisha hasa ni vile anavyoruhusiwa kuondoka navyo: milango, mbao, mabati, nondo na matofali, ambavyo huvisafisha na kuviuza hapa uwanjani.

Kazi hiyo aliianza mwaka 1997 akiwa na mtoto mchanga mgongoni na mume aliyekwenda Mirerani kutafuta madini asirudi. Aliajiriwa kubeba vifusi na mtu mmoja aliyeitwa Matonya, mlevi na bahili ambaye watu wa Kizota bado wanamkumbuka kwa madeni yake. Matonya alikuwa na mchezo. Kabla ya kupiga nyundo ya kwanza, aliwazungusha vibarua wake ndani ya nyumba na kila mmoja alitakiwa kutaja mwaka iliojengwa. Kisha mwenye nyumba aliulizwa. Aliyekosea kwa miaka mingi zaidi ndiye aliyenunua chai ya wote.

"Mwezi wa kwanza nilinunua chai kila nyumba," anasema. "Nilikuwa nalipwa kidogo, nikaona hapa nitakufa njaa. Nikaanza kuangalia."

Aliangalia misumari. Aliangalia mbao, akajifunza kutofautisha mti uliochongwa kwa shoka la mkono na ule uliopitishwa kwenye msumeno wa mashine. Alijua bati zito la zamani kwa kulipiga na ukucha tu. Alizoea kubandua kona ya lipu na kuhesabu rangi zilizopakwa juu ya nyingine, chokaa nyeupe chini kabisa, kisha samawati, kisha krimu. Zaidi ya vyote, alijifunza kuangalia kilichoko katikati ya tofali na tofali.

"Udongo wa kichuguu, udongo na chokaa, saruji kidogo, saruji nyingi. Kila wakati watu walijengea walichokuwa nacho," anaeleza. Baada ya mwaka hakununua chai tena, na Matonya akauacha mchezo.

Kwa zaidi ya miaka ishirini ujuzi huo ulimsaidia kwa mambo mawili tu: kupanga bei ya mali, na kujua ukuta utaangukia upande gani. Hakuwahi kufikiri kwamba unaweza kumhusu mtu mwingine. Mpaka Oktoba iliyopita.

Oktoba hiyo aliitwa na kampuni moja ya ujenzi kubomoa nyumba saba pembezoni mwa Miyuji, kupisha upanuzi wa barabara. Msimamizi wa kampuni, Fabian, alimpa orodha yenye namba za nyumba, majina ya wenye nyumba na safu iliyoandikwa "mwaka wa ujenzi". Wakazi walikuwa wameshaelezwa utaratibu. Ramani ya barabara ilichorwa mwaka 1992. Aliyejenga kabla ya hapo angepewa kiwanja kingine kabla ya kuondolewa. Aliyejenga baadaye alihesabiwa kuwa amevamia, na aliyevamia hakuwa na chake.

Kwenye orodha, nyumba zote saba zilikuwa za baada ya 1992.

"Sikuisoma ile safu," anasema Edina, na sauti yake inashuka. "Nilisoma majina na namba, nikaanza kazi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kefa."

Kefa Chilewa ni fundi baiskeli, ana mke, Anna, na watoto wanne. Nyumba yake aliachiwa na babake. Siku ya kubomolewa alisimama ng'ambo ya njia akiwa amemshika mke wake mkono, akimwangalia mwanamke asiyemjua akishuka na mlango wake begani. Edina anakumbuka jambo moja la siku ile, na ndilo linalomnyima raha. Lipu ya saruji ilipodondoka na matofali kuonekana, alimwambia mwenzake, Joha, kwa furaha kabisa: "Haya ni ya tanuri la kijiji. Haya yana soko."

Maana yake aliijua. Tofali la tanuri la kijiji ni pana kuliko tofali lolote linalofyatuliwa Dodoma leo, na moyo wake ni mweusi kidogo kwa sababu lilichomwa kwa kuni nyingi mno. Tanuri lile lilikufa mwishoni mwa miaka ya sabini, kuni zilipokwisha na mto uliotoa maji ya kufyatulia ulipokauka. Edina ameshabomoa zaidi ya nyumba kumi zenye matofali hayo.

"Nilijua nyumba ile ni kongwe kuliko ile ramani. Mkono ulijua. Kichwa kilikuwa kinahesabu matofali ya kuuza."

Nyumba ya pili kwenye orodha ilikuwa ya Bibi Restuta Mlewa, mjane wa miaka 78. Jumatatu asubuhi kikosi kilipofika, walimkuta ameketi nje juu ya kigoda, kando ya godoro, kabati na sufuria zake, zote zimefungwa kwa kamba.

"Shikamoo bibi," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekunywa chochote?"

Alikuwa amepika uji. Aliwamiminia watu waliokuja kuibomoa nyumba yake, mmoja baada ya mwingine.

Walianza na paa la mbele. Walipokwisha kushusha mabati manane, Bibi Restuta alimwita Edina kwa mkono. "Mwanangu, lile dirisha la chumbani nakuomba uling'oe taratibu. Ubao wa juu yake mume wangu aliuchonga mwenyewe. Nataka niondoke nao."

Edina aliingia chumbani kuutazama. Ubao ulikuwa wa mninga, umechongwa kwa shoka, alama za mapigo bado zinaonekana kama magamba ya samaki. Ncha zake zilizama ndani ya ukuta pande zote mbili. Juu yake, boriti ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliokauka mpaka kuwa kama chuma. Hapakuwa na msumari hata mmoja.

Alitoka nje. "Bibi, nyumba hii mliijenga lini?"

"Mwaka wa pili wa operesheni. Tulihamishwa kule mlimani, tukakaa kwenye kibanda cha majani mvua mbili, ndipo tukajenga."

Operesheni anayoisema ni ile ya kuwahamishia watu vijijini, mwanzoni mwa miaka ya sabini; kwa hesabu ya Edina, nyumba ni ya 1974. Edina aliichomoa ile orodha mfukoni, na kwa mara ya kwanza akaisoma safu ya mwisho. Nyumba ya Restuta Mlewa, mwaka wa ujenzi: 2006.

"Nikasema, 2006 imetoka wapi? Nikazunguka nyumba. Nikaikuta mlangoni."

Juu ya mlango wa mbele, kwenye lipu ya saruji, fundi alikuwa amechora kwa ncha ya mwiko, kama mafundi wapendavyo kufanya wakimaliza kazi: 2006. Ni mwaka ambao mtoto wa Bibi Restuta, aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi Morogoro, alimpigia mama yake lipu na kumbadilishia mabati ya mbele. Mtathmini alifika, akaisoma ile namba akiwa amesimama barabarani, akaiandika, akaondoka.

"Hakuingia ndani!" Edina anapaza sauti, na Joha, anayepanga mbao upande wa pili wa uwanja, anageuka. "Mtu ana kalamu ya kumfanya mwenzake mvamizi, na hakuweza kuvuka kizingiti. Hata uji angepewa, yule bibi si mchoyo."

Aliwaamuru wenzake washuke. Fabian aliitwa kwa simu, akaja na pikipiki.

"Mama Edina, kuna nini?"

"Nyumba hii si ya 2006. Ina miaka hamsini. Hatuibomoi."

"Wewe umeitwa kubomoa. Hukuitwa kusoma."

"Huwezi kubomoa nyumba hujaisoma. Itakuangukia."

Fabian alimkumbusha kwamba nyumba bado ni sita na kazi yote ni yake. Edina akamjibu ampe mwingine. Anakiri kwamba hakulisema hilo kwa ushujaa. Wenzake walikuwa wamemkodolea macho, maana hakuwauliza. William, aliyefanya naye kazi miaka sita, aliweka mtaimbo chini siku ile na hajarudi mpaka leo.

"Simlaumu. Ana watoto wanasoma. Nilimkatia riziki bila kumshauri."

Mchana ule, badala ya kubomoa, Edina na Joha waliyapandisha tena mabati manane na kuyapigilia. Hakuna aliyewalipa. Fabian alitoa siku tano tu: karatasi isipobadilika, angeleta kikosi kingine.

Siku iliyofuata Edina alikwenda na Bibi Restuta kwenye ofisi iliyofanya tathmini. Waliketi kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa tisa, kisha dada wa mapokezi akawaambia mhusika yuko kwenye kikao. Siku ya pili waliambiwa walete mtaalamu.

"Nikauliza, mtaalamu ndiye nani? Akasema mwenye cheti. Nikamwambia, dada yangu, nyumba nilizobomoa Dodoma hii zinafika mia tatu, nyie mmejenga ngapi? Akasema nisimpigie kelele. Ni kweli nilikuwa napiga kelele."

Siku ya tatu alikwenda peke yake, kwa sababu miguu ya Bibi Restuta ilikuwa imevimba. Alibeba matofali mawili kwenye kikapu, moja la tanuri la kijiji na moja la siku hizi. Hakuketi kwenye benchi. Aliuliza mlango wa mtathmini, akagonga, akaingia na kuyaweka yote mawili mezani, juu ya karatasi.

Mtathmini aliyekuwa nyuma ya meza ile anaitwa Optatus, kijana wa miaka thelathini hivi. Anakumbuka vizuri. "Nilikasirika kwanza, nyaraka zangu zilijaa vumbi. Lakini aliniuliza: ulipanda juu ya dari? Sikupanda. Nilikuwa na nyumba arobaini na mbili za kukagua kwa siku mbili."

Kesho yake asubuhi, siku ya nne, Optatus alifika Miyuji. Fabian naye alikuwepo, na majirani walijaa uani.

Optatus hakukubali kirahisi. Alitazama ubao wa mninga, akatazama matofali, akasema jambo ambalo Edina mwenyewe anakiri lilikuwa la maana: vifaa vya zamani havithibitishi nyumba ya zamani. Mtu anaweza kununua matofali makuukuu mwaka 2006 na kujengea. "Wewe mwenyewe, mama, si ndiyo biashara yako?"

Uani watu walicheka. Edina hakucheka. Alichukua tindo na nyundo, akaingia chumbani, akatoa tofali moja katikati ya ukuta, polepole, mpaka likatoka zima.

"Shika," alimwambia. "Tofali lililojengewa mara mbili huwa na makoti mawili. Udongo wa kwanza haubanduki wote, unabaki kwenye vitundu, halafu wa pili unakuja juu yake. Tafuta koti la pili."

Optatus aligeuza tofali. Alilikwangua kwa ufunguo wa gari. Pande zote lilikuwa na aina moja tu ya udongo, mwekundu na mlaini, wa kichuguu. Edina alimpa la pili, akampa la tatu. Kisha akamwonyesha ncha za ule ubao wa dirisha.

"Mlango unahama. Bati linahama. Ubao huu ungehamaje? Umelala ndani ya ukuta, na udongo unaoushika ni uleule ulioshika matofali. Na chini ya lipu yako ya 2006 kuna rangi nne. Nani anapaka nyumba mara nne kabla hajaijenga?"

Optatus alitoa simu, akapiga picha za ukuta, ubao na ngozi ya boriti. Akafungua jalada, akaikata 2006 kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: kabla ya 1992.

"Andika 1974," Edina alimwambia.

"Siwezi kuandika mwaka kamili bila nyaraka, mama."

"2006 uliiandika kwa nyaraka ipi?"

Optatus aliinama tena. Akaandika: miaka ya sabini. Kisha akamgeukia Edina na kusema, "Samahani, mama."

Edina anapolisimulia hilo, hasira inampanda upya. "Aliniomba samahani mimi! Mimi nina nini? Bibi amekaa pale nje kwenye kigoda chake, siku nne vyombo vyake vimefungwa kamba, halafu samahani napewa mimi. Nikamshika mkono nikampeleka. Nikamwambia, mwambie huyu."

Akamwambia. Bibi Restuta alimwitikia, akamuuliza kama amekunywa uji.

Leo Bibi Restuta bado yuko ndani ya nyumba yake. Ameandikiwa kiwanja upande wa Ihumwa, na kwa maandishi hataondolewa mpaka akabidhiwe. Nyumba nyingine tano zilizokuwa zimebaki kwenye orodha zilikaguliwa upya. Tatu zimebadilishiwa mwaka. Mbili, Edina mwenyewe aliziangalia na kusema ni za karibuni kweli. "Ni matofali ya saruji na mbao za paini. Siwezi kudanganya kwa sababu nina huruma. Ndilo kosa lilelile nililomkuta nalo yule kijana."

Kampuni haijampa kazi tena. Kwa wiki tisa hajabomoa nyumba hata moja, na anaishi kwa kuuza akiba ya uwanjani: mlango mmoja leo, mabati matatu kesho.

Imebaki nyumba ya Kefa.

Kwenye jalada, nyumba ya Kefa Chilewa ni ya mwaka 2003, na haina ukuta wa kuonyesha vinginevyo. Ofisi ilimjibu kwamba haiwezi kukagua jengo lisilokuwepo. Familia imepanga chumba kimoja hapahapa Kizota, si mbali na uwanja. Watoto wawili wakubwa wamepelekwa kwa shangazi yao Kondoa.

Edina alimfuata Kefa mwenyewe, jioni ya siku ileile Optatus alipolirekebisha jalada. Alimwambia yeye ndiye aliyebomoa na kwamba aliona matofali akanyamaza.

"Nilimjua kabla hajasema," anasema Kefa, akiwa amepiga magoti kando ya baiskeli iliyopinduliwa. "Sikumkaribisha ndani. Mke wangu alitaka nimkaribishe, nikakataa. Nilimuuliza, umekuja nikusamehe? Akasema hapana, nimekuja kukwambia matofali yako ninayo na siyauzi."

Yalikuwa yamebaki mia nne na kidogo. Mengine alikuwa ameshayauza. Ndiyo hayo yaliyo chini ya turubai, lakini yeye mwenyewe anajua hayatoshi. Tofali lililong'olewa linasema lilijengewa udongo gani, halisemi lilikuwa wapi.

"Mpaka nikakumbuka kwamba sisi hatuchimbi," anasema. "Mbomoaji anaishia usawa wa ardhi. Msingi unaachiwa greda. Na greda halijafika."

Msingi wa Kefa bado uko chini, futi mbili kwenda chini, mahali pake. Kama ni wa mawe yaliyoshikwa kwa udongo wa kichuguu kama wa Bibi Restuta, hakuna atakayesema uliletwa kutoka kwingine. Edina ameandika barua, Joha ameichapisha steshenari, na nakala imegongwa muhuri wa ofisi. Wanaomba mtathmini awepo Jumanne ijayo saa mbili asubuhi, msingi utakapofunuliwa.

Ana mpango mwingine pia. Anataka asiwepo mtu wa kupiga nyundo ya kwanza Dodoma kabla mwenye nyumba hajaonyeshwa mwaka ulioandikwa, na kabla mtu mwenye macho hajaingia ndani na kubandua lipu. Ameshazungumza na wabomoaji wengine wanne. Wawili wamekubali, mmoja amemcheka, mmoja ameomba muda wa kufikiri.

Kefa hajasema kama amemsamehe, na Edina hajauliza. Jana walikwenda pamoja kwenye kiwanja kile kitupu, wakakipima kwa kamba na kupigilia vigingi kwenye pembe nne. Kefa alimwonyesha mahali kilipokuwa chumba cha wazazi wake, kwa sababu ndicho kilichojengwa kwanza, na hapo ndipo watakapoanzia.

Optatus amesema atajitahidi kufika, kama usafiri wa ofisi utapatikana.

"Aje, asije, tutachimba," anasema Edina. Ameshauazima mtaimbo wa tatu, na sululu mbili zimetiwa mipini mipya. "Asipokuja, ule udongo nitaujaza kwenye karai, na mawe juu yake, nijitwike mpaka ofisini. Mlango wake naujua."